Mkwe Asiye na Mke

Kutoka Tabora hadi Dodoma nilisafiri kwa treni, nimekumbatia sanduku la bati. Kutoka Dodoma hadi Iringa nilipanda lori na kukaa juu ya magunia ya chumvi. Kutoka Iringa hadi Makambako, nusu ya safari nilikuwa nyuma ya lori, nikilisukuma. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nimemaliza sekondari, baba amekwisha kunitafutia kiti katika ofisi ya reli, shati limepigwa pasi. Asubuhi ya kuanza kazi nikakutana stesheni na Mbena mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Akaniambia kwamba Njombe, mwezi wa Juni, majani huamka meupe kwa barafu, ukiyakanyaga yanavunjika kama biskuti. Miguu yangu ilimsikia kabla ya masikio. Kile kiti sijui alikikalia nani.

Ninyi vijana mnaozungusha mkono wa injini ya dizeli ya kusagia mara moja kisha mkaenda kunywa chai, mmeniomba niwaandikie kinu cha maji kilianzaje. Nitaandika. Msitegemee kusoma nilipandishwa cheo lini. Kinuni palikuwa na cheo kimoja tu, kuwa mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope, nacho nilikipata siku ya kwanza.

Nilishuka Makambako nimevaa kaptura. Wakati ule palikuwa njia panda yenye maduka machache ya bati na upepo uliojifanya mwenyeji kuliko watu wote. Nilikuwa natetemeka mbele ya duka moja, najisemea kwamba barafu nimekwisha kuiona kwa mifupa, sasa naweza kurudi, ndipo Mzungu mnene mwenye kofia ya majani aliposimama mbele yangu. Alikuwa Mgiriki, jina lake Stavro. Wenyeji walimwita Sitavulo.

"Wewe unaogopa kelele?" akaniuliza.

"Nimelala bweni moja na wavulana wa Tabora, Bwana."

"Unaogopa maji ya baridi?"

"Hayo sijayajaribu."

"Panda gari."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Hakuniuliza cheti. Nilipomwonyesha baadaye, alikisifu sana kwa unene wa karatasi yake.

Stavro alikuwa amenunua mawe mawili ya kusagia, makubwa kama magurudumu ya mkokoteni, na gurudumu la maji la kuyazungusha. Alichokosa ni mto. Sheria ya Waingereza haikumruhusu mgeni kujinunulia ardhi ya wenyeji. Mhindi, Mwarabu, Mgiriki, wote walipewa viwanja ndani ya mji mdogo, wakauza khanga na mafuta ya taa humo humo. Lakini mto haukubali kuhamia mjini. Maporomoko yaliyofaa yalikuwa bondeni, kabla ya kufika Njombe, katika shamba la mjane mmoja wa Kilutheri. Tulimwita Mama Yeremia. Kwa hiyo bomani waliwaambia wafanye ubia: ardhi, mfereji na nyumba ya kinu viwe vya mama, mawe na vyuma viwe vya Stavro, kinachopatikana wagawane nusu kwa nusu.

Bwana Shauri wa wilaya, afisa wa Kiingereza pale bomani, hakuwa mjinga. Alikwisha kuona ubia wa kivuli, mgeni anaandika jina la mwenyeji mlangoni, kisha mwenyeji mwenyewe anapewa ufagio. Akatoa kibali cha muda tu. Akasema baada ya mavuno atakuja kutazama kwa macho yake. Akikuta mama ni kivuli, kinu kitafungwa siku hiyo hiyo na mawe yatarudi yalikotoka.

Mama Yeremia alikitaka kile kinu kuliko Stavro. Magoti yake yalikuwa na sugu kwa miaka ya kupiga magoti mbele ya jiwe la kusagia ngano, na mtoto wake wa pekee, Yeremia, alikuwa amechukuliwa na kazi ya mkonge huko Tanga, mkataba baada ya mkataba. "Mtoto harudi kwa sababu ya salamu," aliniambia. "Anarudi kwa sababu ya kazi. Nikiwa na kinu, nina cha kumwitia."

Siku yangu ya kwanza Stavro alinipa tindo na nyundo, akanikalisha mbele ya jiwe lililogeuzwa tumbo juu, akasema, "Noa." Nikadhani ananitania, tangu lini jiwe likanolewa? Lakini jiwe la kinu lina mifereji midogo kutoka katikati hadi ukingoni, nayo ikilika, mahindi yanapondeka badala ya kusagika. Nilichonga kutwa nzima. Vipande vya jiwe viliingia mikononi na vingine vimo mpaka leo. Mkitaka kumjua mnoa mawe, mtazameni viganja. Kisha akanifundisha kusoma unga. Unauchukua unapotoka, unausugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiwa wa moto, mawe yamekaribiana. Ukinuka kama mkate uliosahauliwa, tayari umechelewa. Na jambo kubwa kuliko yote: usiache mawe yakazunguka bila nafaka, maana jiwe likikosa cha kula hula jiwe mwenzake, na cheche zake hazichagui paa la nyasi.

Kwa ajili hiyo Stavro alifunga kengele juu ya sanduku tunalomiminia mahindi. Kamba ya kengele ilizikwa chini ya nafaka. Nafaka ikipungua, kamba inachomoka, kengele inaanguka na kulia. Ilikuwa kengele ya mbuzi. Aliagiza mkoba mzima wa kengele hizo, kwa sababu kwao kisiwani, alisema, mbuzi asiye na kengele ni kama padri asiye na kanzu. Kumbukeni kengele hizo.

Sasa nifike kwenye neno.

Siku ya kufungua kinu, jumbe aliita watu bondeni. Wakaja na mahindi, wakaja na ulanzi, ile pombe ya mianzi, wakaja na watoto. Jumbe akauliza kwa heshima zote, "Bwana Sitavulo, tuambie mbele ya watu. Mama huyu ni nani wako?"

Jibu lilikuwa "mbia wangu", basi. Lakini Kiswahili cha Stavro kilitoka kwenye mashamba ya mkonge Korogwe, na kule mwanamume akitaka kujipendekeza kwa mtu mzima humwita mkwe, hata kama hajui kama ana binti. Muuza maandazi, mkwe. Nyapara, mkwe. Stavro alilipenda neno hilo kwa sababu kila alipolisema watu walicheka na kumwongezea chai. Akavua kofia, akafungua mikono.

"Huyu mama? Huyu mama mkwe wangu! Mkwe wangu kabisa!"

Pwani wangecheka. Ubenani hakucheka mtu. Mama Yeremia alivuta shuka lake mpaka usoni, akageuka, akaingia ndani ya shamba la mahindi kama aliyeitwa. Maana huko mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapishani njia moja, hawakai nyumba moja. Ni heshima, na heshima ikishatajwa mbele ya watu haina mzaha.

Stavro alibaki na kofia mkononi. "Nimetukana?"

"Hapana, Bwana," nikamwambia. "Umeoa."

"Nimemwoa nani?"

"Hilo ndilo watu wote wanataka kujua. Mama ana mtoto mmoja, naye ni Yeremia."

Akaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kigiriki na kwa mikono. Jumbe alisikitika naye, lakini akatikisa kichwa. Neno limesemwa mbele ya watu, alisema. Maji yamekwisha kumwagika.

Tangu hapo wabia wawili walifanya kazi katika kinu kimoja bila kuonana. Akiwa ndani mmoja, mwingine yuko nyuma ya ukuta. Nami, niliyeajiriwa kuwa fundi, nikawa mdomo wa ukutani.

"Mwambie mkwe mfereji umejaa majani."

"Amesikia, mama. Yuko hapa hapa."

"Hajasikia mpaka umwambie."

"Bwana, mfereji umejaa majani."

"Mwambie mama mkwe nimesikia!"

"Mwambie asipige kelele, mimi si kiziwi."

Hivyo ndivyo tulivyopanga zamu, tulivyobishana juu ya ngano ya nani isagwe kwanza, hata tulivyogombana. Kugombana ndiko kulikonichosha, kwa sababu kila tusi lilinipitia mimi, na nililazimika kulisema kwa sauti ileile. Mama alikataa tafsiri ya upole. "Hukusema hivyo nilivyosema," alikuwa akinikemea kutoka upande wa pili. "Rudia."

Jumbe alimdokeza Stavro kwamba zawadi hulainisha mambo. Stavro akaleta mbuzi mwenye kengele shingoni. Mama akampokea kwa kupitia mimi. "Mwambie ahsante. Huyu ni wa salamu." Akaleta wa pili. "Mwambie huyu ni wa kumsindikiza wa kwanza." Akaleta wa tatu. "Mwambie hawa sasa wanahitaji dume." Bonde zima likawa linalia kengele, na uso wa mama ukabaki ndani ya shuka.

Mavuno yakaisha, Bwana Shauri akaja. Alikuwa kijana mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtihani. Alitamka kila neno kama anayekabidhi risiti. Akaagiza kinu kizungushwe akione kinafanya kazi, nami nikafungua maji, mawe yakaanza kunguruma. Kisha akataka watu wote watoke uani wamsikilize, mimi nikiwamo. Tukatoka. Stavro alipewa kigoda karibu naye, akakaa amenyooka, magoti pamoja.

"Mbia mwenyeji yuko wapi?"

"Yuko nyuma ya ukuta, Bwana Shauri," nikajibu.

"Kwa nini yuko nyuma ya ukuta?"

"Kwa sababu ya mkwe."

"Mkwe ni nani?"

Stavro akanyoosha mkono.

"Mke wako yuko wapi?"

"Sina mke, Bwana."

Bwana Shauri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, lakini hali ilikuwa ileile. "Mimi nilifaulu Kiswahili," akasema polepole. "Mwanamke huyu amefichwa. Kama ni mbia, na atoke, aketi hapa, anijibu mbele ya mwenzake. Asipotoka, nafunga kinu leo."

Nikaenda ukutani. "Mama, anasema anafunga."

"Nimemsikia."

"Toka basi, mama."

"Nimwonyeshe mkwe uso mbele ya ukoo mzima? Kesho nitapita njia gani?" Kisha akasema kwa sauti ndogo, wala si ya kufikishwa kwa mtu, "Na Yeremia atarudi kwa kazi gani?"

Nikageukia uani. Mbuzi walikuwa wakila majani kando ya mfereji, kengele zao zikilia kama kawaida, hii hapa, ile kule. Bwana Shauri akamnyooshea mkono tarishi wake ampe mkoba. Kengele nyingine ikalia. Hakuna aliyegeuza kichwa. Nani anahesabu mbuzi siku ya hukumu?

"Huyo si mbuzi," akasema Mama Yeremia.

Mbuzi wake aliwajua mmoja mmoja kwa sauti. Nilipogeuka alikuwa amekwisha kutoka nyuma ya ukuta, shuka limeanguka mabegani, ungo mkononi. Alipita katikati ya watu, akapita mbele ya Bwana Shauri, akamsimamia Stavro pale kigodani, akafoka kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde:

"We mume wangu! Umekaa kama bwana harusi na mawe yanakula mawe! Funga maji!"

Stavro hakusubiri nitafsiri. Aliruka kigoda, akakimbilia lango la mfereji, akalishusha kwa uzito wake wote, naye akashuka nalo. Kofia ilitangulia kuelea. Mimi niliingia kinuni nikainua jiwe la juu kwa mtaimbo. Harufu ya moto ilikuwa imeshajaa, na cheche mbili tatu zilikuwa zinajaribu bahati yao kwenye makapi. Mama alimwaga mahindi kwa ungo, akakanyaga makapi kwa miguu mitupu, akanisukuma pembeni kwa sababu nilikuwa nakanyaga polepole.

Tulipotoka, mawe yalikuwa yamesimama na bonde limetulia, isipokuwa mbuzi. Stavro alikuwa amesimama akichuruzika maji, jani la mtoni sikioni. Yeye na mama wakatazamana uso kwa uso, mara ya kwanza tangu siku ya ufunguzi. Mama akashika mdomo. Sasa ndipo aliposikia alilosema.

Mama mkwe hawezi kumwita mkwe wake mume wangu; afadhali ameze kaa la moto. Mwanamke mzima anayemwita kijana "mume wangu" hadharani, akamfokea na kumtuma majini, ni mmoja tu duniani: bibi, akimtania mjukuu wake. Na bibi na mjukuu hutazamana, hutukanana, hula chungu kimoja.

Jumbe ndiye aliyeanza kucheka. "Mmesikia?" akawaambia wanawake. "Mmesikia alivyomwita?" Vigelegele vikapasuka, mbuzi wakatawanyika.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza.

"Amesema huyu ni mume wake," akajibu jumbe, anafuta machozi. "Maana yake si mume wake."

"Na yule mkwe?"

"Amekwisha, Bwana."

"Amekufa?"

"Hapana, Bwana. Amekuwa mjukuu."

Bwana Shauri akamtazama Stavro kuanzia kichwani, kisha mama na ungo wake, kisha maji yaliyofungwa. Akauliza maswali mawili tu.

"Nani amesema funga maji?"

"Mimi," akasema mama.

"Nani amefunga?"

"Mimi," akasema Stavro.

"Basi," akasema Bwana Shauri. "Sijapata kuona kivuli kikimtuma mwenye kivuli majini." Akatoa kibali mkobani, akakitia sahihi juu ya goti, akaomba aonyeshwe huo ulanzi anaousikia kila anapokwenda.

Nilimwuliza mama baadaye kama neno lile lilimtoka kwa hofu ya moto tu. Aliendelea kupepeta mahindi. "Neno likishasemwa halirudi mdomoni," akasema. "Lakini linaweza kufukuzwa na neno kubwa zaidi. Nilikuwa nimelitafuna tangu masika. Nilikosa mahali pa kulitemea."

Kuanzia hapo kinu kilikwenda kwa matusi ya furaha. Stavro alilalamika kwamba alipokuwa mkwe aliogopwa, sasa ni mjukuu anatumwa kuni. Alipodokeza juu ya wale mbuzi, mama akamjibu, "Mjukuu hadai mbuzi kwa bibi yake, mume wangu. Mjukuu anachunga." Akawachunga, tena kwa raha. Jumapili ungemkuta mlimani na kofia yake, anawaimbia kwa lugha yao ya kisiwani.

Mimi kila mwaka nilisema naondoka. Nilikwenda Songea kuangalia, nikarudi. Nilikwenda Bulongwa na Ikonda kwa miguu, nikasema huko ndiko kuzuri, nikarudi kwa sababu mawe yalikuwa yanataka kunolewa. Hivyo ndivyo mtu mwenye kiherehere cha miguu anavyozeeka mahali pamoja bila kukusudia. Barafu niliyoifuata niliikanyaga kila Juni nikienda kufungua maji. Kweli inavunjika kama biskuti. Sikuchoka nayo hata siku moja.

Kisha Yeremia akarudi. Hakurudi kwa salamu. Alirudi amevaa suruali ya kaki, ana kikohozi cha vumbi la mkonge, akasimama mlangoni akauliza, "Mama, kazi yenyewe iko wapi?" Mama akampa tindo na nyundo. Nikamkalisha mbele ya jiwe lililogeuzwa tumbo juu. "Noa," nikamwambia, naye akanitazama kama nilivyomtazama Stavro. Alipoweza kuusoma unga kwa kidole akiwa amefumba macho, nilijua masikio yangu, ambayo kelele za kinu zilikuwa zimekwisha kuyastaafisha, hayahitajiki tena. Umri wangu ulikuwa umepita miaka arobaini, lakini miguu bado nilikuwa nayo.

Siku ya kuondoka walinisindikiza hadi Makambako, kwenye gari la Iringa. Upepo ni ule ule. Safari hii nilivaa suruali na makoti mawili. Sanduku langu la bati lilikuwa chini, limejaa unga ambao sikuomba. Mama Yeremia alisimama upande mmoja, Stavro upande wa pili, mimi katikati, kama zamani.

"Mwambie mume wangu apandishe sanduku," akasema mama.

"Mama, huyo hapo. Si unaweza kumwambia mwenyewe?"

"Naweza. Nataka nikusikie ukisema mara ya mwisho."

Nikamgeukia Stavro. "Bwana, bibi anasema upandishe sanduku."

"Mwambie bibi nimesikia," akasema Stavro, kwa sauti isiyokuwa yake, akalipandisha.

Nikageuka kumuaga mama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya mtu aliyesoma. Hakuniachia nafasi. Alinitazama vizuri mara moja, kuanzia nywele hadi viganja, akasema kwa sauti ya kusikika na dereva na abiria wote:

"Kwaheri, mkwe wangu."

Kisha akavuta shuka mpaka usoni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na kama ni kwa kicheko au la, heshima hainiruhusu kujua. Nami nikamgeuzia mgongo kama inavyopasa, nikapanda gari, nikakaza macho kwenye njia ya Iringa ambayo sikuwa naiona sawasawa.

Mama Yeremia ana mtoto mmoja, naye ni Yeremia. Lakini neno limesemwa mbele ya watu.